Mkuu, usiifuate hiyo kamba nyeupe

Nimesoma swali lako mara mbili na mikono inanitetemeka. Unasema gasketi, yaani ule mkanda wa kuziba ukingo wa mfuniko wa jiko lako la kauri, imeungua, moshi unatoka pembeni, na muuza vifaa hapo Tabora mjini amekuwekea mita tatu za kamba nyeupe "isiyoungua kabisa", kesho asubuhi unaifuata. Unauliza unene upi unafaa, uigandishe kwa gundi gani, na kama ulegeze bawaba kwanza. Usiende, na kama umelipa, mwachie hela yake, maana kamba hiyo inaweza kuwa ya asbesto, na asbesto inaleta saratani.

Mimi niko Kigoma, Mwanga, nachoma samaki. Jiko langu ni hilohilo la umbo la yai, nililinunua kwa mfanyakazi wa shirika moja aliyekuwa akihama Kasulu, tukalishusha wanaume wanne kwenye kenta. Ni jiko la ajabu. Kwa samaki kuhe wa moshi nalishikilia nyuzi joto 110 tangu asubuhi hadi mchana bila kuongeza mkaa, na nikitaka kubabua ngozi ya sangala linapanda hadi 300 na ushee. Lakini utulivu wote ule unatokana na kuzibana hewa sehemu mbili tu, mlango wa chini na tundu la juu. Gasketi ikiisha, hewa inajipitia kwenye ukingo wa mfuniko. Mkaa unakwisha upesi, na joto halishuki hata ufunge kila kitu. Kwa hiyo najua unavyosumbuka. Na mimi nilisumbuka hivyohivyo, wiki moja kabla ya Krismasi, oda zimejaa.

Nikaenda dukani. Yule bwana hakuniuliza hata jiko lenyewe likoje. Akavuta kamba nyeupe kutoka kwenye roli kubwa lisilo na karatasi wala maandishi, akaikata kwa kisu, akaiweka kwenye mfuko wa rambo. Elfu nane. "Hii mzee haiungui, hata kwenye boila inakaa." Akawasha kiberiti akaniunguzia ncha yake mbele ya macho yangu, haikushika moto, na mimi nikafurahi! Neno hilo "haiungui" ndilo lililotakiwa kunisimamisha palepale. Angeniuzia kamba ya katani ya kufungia mbuzi ningemshukuru, ingewaka jiko likipata moto, tukacheka, basi.

Nikarudi nyumbani. Sasa sikia nilichofanya, maana ndicho utakachofanya wewe kesho. Nilikaa kibarazani, nikaikata vipande kwa kisu cha samaki. Ncha zikawa zinafumuka, nikazichana kwa vidole zilale vizuri. Vumbi jeupe likajaa kwenye mkeka, nikalipuliza kwa mdomo. Nikapuliza, mkuu! Binti yangu, miaka sita wakati ule, akaokota vile vijinyuzi akamtengenezea mdoli wake nywele. Nikamwona, nikatabasamu, nikaendelea na kazi. Mke wangu jioni akafagia kwa ufagio mkavu.

Jumamosi nikachoma. Mteja mmoja akaniita akanionyesha uzi mweupe juu ya mgebuka wake. Nikasema ni wa kitambaa.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, fundi mstaafu wa injini za meli, kila wiki anakuja kula sangala. Alipoona ule ukingo mweupe aliacha kutafuna. Akauliza, "Kijana, pakiti ya hii kamba iko wapi?" Nikamwambia haikuwa na pakiti. Akasogeza kiti nyuma, akaniambia nizime jiko na nisiushike tena ule mfuniko.

Akanieleza kwamba kamba za kuzuia joto za zamani, zile za kufungia mabomba ya mvuke na milango ya boila, nyingi zilikuwa za asbesto. Wao walizikata kwa mikono mitupu, hakuna aliyewaambia neno. Siku hizi zipo za nyuzi za kioo, nazo ni nyeupe, nazo haziungui kwa kiberiti. Ukiziweka kando kwa kando huwezi kuzitofautisha kwa macho, mpaka maabara kwenye hadubini. Ndiyo maana mzee wa watu hakuuliza bei wala nimenunua wapi. Aliuliza pakiti.

Asbesto wengi wetu tunaijua kwa yale mapaa ya kijivu ya nyumba za zamani za serikali. Madhara yake hayako kwenye kuungua. Inapokatwa au kusuguliwa inatoa nyuzi nyembamba mno usizoziona, unazivuta, zinakaa kwenye mapafu na mwili hauwezi kuzitoa. Zinaleta saratani ya mapafu, saratani ya utando unaozunguka mapafu, na makovu yanayokubana pumzi. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeweka aina zote za asbesto kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya aina nyeupe mwaka 1999, Afrika Kusini mwaka 2008. Lakini zipo nchi zinazoichimba na kuiuza hadi leo, kwa hiyo usijidanganye kwamba hiyo ni habari ya babu zetu.

Na haikuumizi leo. Ugonjwa wake unaweza kuchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Nilikwenda kwa daktari, akanisikiliza vizuri, akaniambia picha ya kifua ya sasa haitaniambia lolote. Mpaka leo sijui ile kamba ilikuwa asbesto au kioo, maana niliiondoa yote bila kubakiza kipande cha kupeleka kupimwa. Mimi sijali sana umri wangu. Lakini kila nikimwona yule mtoto na mdoli wake, nahesabu. Miaka 30 tangu siku ile atakuwa na miaka yake 36.

Yule muuzaji nilimrudia. Akaniambia, "Mbona wengine wanachukua na hawalalamiki?" Watalalamikaje, na ugonjwa wenyewe unakuja baada ya miaka mingi? Mtu anauza kitu asichokijua jina, kwa ajili ya jiko la chakula, na anakutazama usoni. Hilo sijamsamehe.

Kanuni yangu ni moja. Hakuna pakiti, hakuna kununua. Pakiti iseme gasketi imetengenezwa na nini, inahimili nyuzi joto ngapi, na kwamba ni ya jiko la kupikia chakula. Ikisema sufu iliyoshindiliwa, sawa, ingawa haipendi moto mkali. Ikisema Nomex, vizuri zaidi, ni nyuzi zilezile wanazoshonea nguo za wazimamoto, haziyeyuki, joto likizidi zinageuka makaa na unabadilisha. Ikisema nyuzi za kioo, si balaa la asbesto, ila zinawasha ngozi na koo na zinadondoka, mimi siziweki juu ya samaki. Gundi nayo ipitie kanuni hiyohiyo. Gundi ya viatu, ambayo najua fundi atakushauri, isikaribie jiko hilo. Gasketi yangu ya sasa ililetwa na mtu kutoka Dar, imeandikwa kila kitu, na pakiti yake nimeibandika ukutani jikoni.

Na unaweza kupika bila gasketi! Nilipika miezi mitatu hivyo. Jiko linakula mkaa zaidi kidogo, mfuniko unaushusha polepole usigongane na kauri, na jiko likae nje kwenye hewa kama kawaida. Samaki walitoka wazuri, hakuna mteja aliyejua.

Kama una kipande chake chochote tayari mkononi, usikikate, usikifagie, usikichome. Kimwagie maji kilowe kabisa, kitie kwenye mifuko miwili ya plastiki, funga, kiweke mbali na watoto. Panguse mahali kilipokaa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kiingie kwenye mfuko huohuo.

Kesho ukipita pale dukani mwulize pakiti iko wapi, kisha njoo uandike hapa alichokujibu.