OSPF kukwama EXSTART kati ya Mbeya na Makambako

Kaka, umesema kwenye OSPF (itifaki ambayo ruta hutumia kuambiana njia za mtandao) ruta ya Mbeya na ya Iringa zimefika FULL (ujirani umekamilika), ila ya Makambako, inayopita kwenye tanoli ya GRE (njia pepe inayofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine), inabaki EXSTART (hatua ya kuanza kubadilishana taarifa), na umeshakagua namba ya eneo na nywila. Hayo achana nayo. Eneo, nywila au muda wa hello (pakiti za salamu) vingekuwa tofauti, ruta hizo zisingefika hata hapo. Zimeshasalimiana, zinashindwa kubadilishana muhtasari wa kanzidata (orodha ya taarifa za njia).

Angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa kwenye kiolesura. Kila ruta huandika MTU yake ndani ya pakiti za muhtasari huo, na yenye namba ndogo huikataa pakiti inayotaja kubwa zaidi. Kwenye GRE kawaida ni 1476, yaani 1500 ukitoa baiti 24 za vichwa. Nahisi mtu alishaweka 1400 upande mmoja, wa pili ukaachwa. Endesha "show ip interface" kwenye tanoli za pande zote mbili, kisha andika "ip mtu 1400" kote.

Utaambiwa uweke "ip ospf mtu-ignore", ili ruta ipuuze tofauti ya MTU. Tafadhali usifanye hivyo. Ujirani utapanda leo na utafurahi, lakini tofauti yenyewe bado ipo. Siku mkiongeza matawi ya Njombe na Tukuyu, taarifa za njia zikawa ndefu, pakiti kubwa zinaweza kupotelea njiani, na kosa la namna hiyo linasumbua sana kulitafuta.

Ukimaliza, violesura vya upande wa kompyuta za wafanyakazi vifanye passive, yaani visitume salamu za OSPF.