Uliza Wakili: Samansi kapewa hausigeli, je nimeitwa mahakamani?

SWALI: Wakili shikamoo. Nilienda Tanga kwenye msiba wa shangazi, nikakaa wiki mbili na nusu. Narudi nyumbani nakuta karatasi juu ya friji chini ya sahani ya mandazi, ina muhuri wa mahakama ya wilaya na doa la mafuta. Namuuliza hausigeli ananiambia eti kuna kaka alikuja na bodaboda akamwambia dada saini hapa, basi akasaini. Tarehe ya kesi ilikuwa Jumanne iliyopita! Kuna mtu ananidai hela za kikoba. Ndo nimeshashindwa?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba dada yangu, pole na msiba. Kunywa maji kwanza. Samansi ya kesi ya madai kwenye mahakama hiyo inafuata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 5, na utaratibu wake ni kwamba apewe mdaiwa mwenyewe mkononi au wakala wake mwenye ruhusa ya kupokea, asipopatikana ndo anaweza kupewa mtu mzima wa familia anayeishi naye. Na hapo hapo sheria imefafanua kabisa kwamba mtumishi si mwanafamilia. Najua huyo binti anakula sahani moja na wanao na anakuita mama, lakini kwenye samansi hahesabiki.

Sasa kesho asubuhi nenda masijala, yaani ofisi ya mafaili ya mahakama, na namba ya kesi, omba kusoma jalada, tafuta kiapo cha huyo kaka wa bodaboda kinachoeleza alivyofikisha samansi. Wapo wanaoandika "nimemkabidhi mdaiwa mwenyewe" wakati hata sura yako hawaijui. Ukikuta hivyo basi kipinge, weka tiketi ya basi ya Tanga, na hausigeli naye aape kilichotokea. Kama kesi imeshaamuliwa upande mmoja, yaani bila wewe kusikilizwa, unaomba hukumu itenguliwe kwa kuwa hukuitwa ipasavyo, kama bado unaomba nafasi ya kuleta utetezi wa maandishi, ambao kawaida ni ndani ya siku 21 tangu upewe samansi. Ila usilale tena, maana sasa unajua kuna kesi na hakimu atakuuliza ulipojua ulifanya nini.

SWALI: Mimi naidai kampuni, samansi ikaachwa kwa mlinzi getini. Wanasema hawajapata kitu!
Fundi, Mwanza

JIBU: Fundi, mlinzi wa geti ni shida tupu, wakili wao atakusumbua na hilo mpaka uchoke. Kampuni inapelekewa kupitia katibu, mkurugenzi au ofisa wake mkuu, au samansi inaachwa au kutumwa kwa posta kwenye ofisi yake iliyosajiliwa (Amri ya 28 ya sheria hiyo hiyo). Kwa hiyo anza BRELA, wale wanaosajili kampuni, lipia upekuzi ujue ofisi iliyosajiliwa iko wapi, mara nyingi wala sio hapo penye geti. Halafu omba mahakama itoe samansi nyingine, na safari hii usikubali kuondoka bila muhuri wa mapokezi, jina la aliyepokea na cheo chake.

Na wale mnaojificha chumbani au kukataa kusaini mkidhani mmekomoa mtu: mpeleka samansi anabandika nakala mlangoni kwako, anarudi mahakamani anaeleza alivyobandika na nani alishuhudia, kesi inaendelea. Ukizidi kukwepa mahakama inaweza kuruhusu utangazwe gazetini, mtaa mzima usome.

SWALI: Nimetumiwa samansi kwa WhatsApp, si utapeli huu?
Omar, Mombasa

JIBU: Kaka Omar, huko kwenu Kenya kanuni zilibadilishwa mwaka 2020, samansi inaweza kuja kwa barua pepe au kwa programu ya ujumbe kwenye namba yako ya mwisho inayojulikana kuwa unaitumia. Matapeli wapo pia, kwa hiyo usibofye linki wala kutuma hela, chukua namba ya kesi uipeleke masijala wakuangalizie. Na kuacha bila kufungua haisaidii, wao wanachohitaji ni uthibitisho kwamba ujumbe umefika, yaani zile tiki mbili, hata zikibaki za kijivu.