Vyuo vitatu vizuri vimekukubali: jinsi ya kuchagua kimoja

Mdogo wangu, umesema umepata udahili vyuo vitatu kwa kozi ileile, vyote vina sifa, na kila unayemwuliza anakwambia nenda chenye jina kubwa. Jina limeshafanya kazi yake, ndilo lililokufanya utume maombi. Tofauti iliyobaki imejificha ndani ya barua ya ufadhili, kwenye mtaala wa miaka ya mwisho na kwenye kanuni za mitihani. Zote hizo unaweza kuzichambua ndani ya wiki moja.

Kuhusu hilo jina, mwaka 2002 wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Marekani walioanza chuo mwaka 1976. Waliwalinganisha wale waliokubaliwa na kukataliwa na vyuo vya hadhi zinazofanana, kisha wengine wakaenda chuo kigumu zaidi kuingia na wengine wakachagua kilicho rahisi kidogo. Mapato yao ya baadaye hayakutofautiana sana, isipokuwa kwa waliotoka familia za kipato cha chini, ambao chuo kigumu kiliwasaidia. Kwa hiyo kama kwenu hakuna mtu wa kukufungulia milango ya kazi, jina lipe uzito. Kama wapo, lishushe chini ya pesa na mtaala.

Pesa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wanalinganisha mwaka wa kwanza tu. Chukua mfano wa namba tupu. Chuo A ada yake ni 100 kwa mwaka na kinakupa ufadhili wa 40, unabakiza 60. Chuo B ada ni 80, ufadhili 15, unabakiza 65. Haraka haraka utasema A ni nafuu. Lakini tuseme ada ya A hupanda asilimia 6 kila mwaka, ya B asilimia 3, na ufadhili haupandi. Kwa miaka minne A itakula takriban 277 mfukoni mwako, B takriban 275. Mwaka wa nne peke yake A inadai 79 wakati B inadai 72. Sasa ukipoteza ufadhili wa A baada ya mwaka wa pili, jumla inaruka hadi karibu 357. Ndiyo maana uliza ada ilipanda kiasi gani katika miaka mitatu iliyopita, halafu piga hesabu ya kozi nzima. Ongeza malazi, chakula, nauli, vifaa na gharama za mafunzo kwa vitendo, na mkopo usiuhesabu kama punguzo, maana utaulipa.

Masharti ya ufadhili yasome neno kwa neno. Tafuta wastani wa chini unaotakiwa, na kama unapimwa kila muhula au mwisho wa mwaka. Tafuta idadi ya krediti (vipimo vya uzito wa kila somo) za lazima kwa muhula: mtu anaacha somo moja lililomshinda, anashuka chini ya kiwango, ufadhili unakatwa ingawa hajafeli kitu. Angalia pia kama ukiteleza muhula mmoja unapewa muda wa kujirekebisha. Kisha iulize ofisi ya ufadhili kwa barua pepe, ni wangapi kati ya waliopewa ufadhili huo bado wanao mwaka wa tatu. Jibu la mdomo usilitegemee, afisa akihama unabaki huna ushahidi.

Kama chuo unachokipenda ndicho ghali, andika kuomba nyongeza kabla hujathibitisha. Ukurasa mmoja unatosha: hali halisi ya familia, kiasi kamili kinachopungua, na nakala ya barua ya chuo kingine. Usitishie. Ukishathibitisha na kulipa, sababu yao ya kukuongezea inapungua sana.

Mtaala nao usisome kuanzia mwaka wa kwanza, maana hapo masomo ya msingi hufanana karibu kila mahali. Fungua mwaka wa tatu na wa nne. Orodhesha masomo ya kuchagua unayoyataka, halafu tazama ratiba za miaka miwili iliyopita uone kama yalifundishwa kweli. Masomo mengi hubaki kwenye karatasi kwa sababu mhadhiri aliondoka. Ukiwa na masomo manne unayoyataka na mawili tu ndiyo yamefundishwa, hiyo kozi si uliyodhani. Na kama taaluma yako ina bodi ya usajili, hakikisha ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa inakidhi viwango, ni ya kozi yako yenyewe, kwa kuwa chuo kinaweza kutambuliwa na kozi mpya ndani yake bado. Kwa wahandisi, kuna Mkataba wa Washington wa 1989, ambao nchi wanachama zinatambua ithibati za kozi za uhandisi za wenzao. Ukifikiria kufanya kazi nje, hilo ni swali la leo.

Kanuni za mitihani watu huziruka, na ni kosa. Kuna vyuo unabeba somo ulilofeli hadi mwaka unaofuata, kuna vingine unarudia mwaka mzima, na vingine kufeli masomo kadhaa tu kunatosha kukudisko, yaani kuondolewa chuoni. Ukijumlisha na ufadhili wenye masharti, chuo chenye kanuni kali kinaweza kuwa ghali kuliko ada yake inavyoonyesha.

Tafuta wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu kila chuo, wa kozi yako, nje ya wale waliopangwa kuongoza wageni. Usiwaulize kama wanapapenda. Waulize kifaa kimoja cha maabara hutumiwa na wangapi, kazi husahihishwa baada ya siku ngapi, nafasi ya mafunzo kwa vitendo hutafutwa na nani. Mazingira na mji nitayagusa kidogo tu: kama huwezi kulala wala kusoma pale, mengine yote hayasaidii.

Usijipe moyo kwamba utahama baadaye. Krediti nyingi hazihamishiki, na ufadhili wa wanaoingia mara ya kwanza mara nyingi haupewi mhamiaji. Usithibitishe vyuo viwili kwa wakati mmoja pia. Malipo ya kushika nafasi kwa kawaida hayarudi, na baadhi ya vyuo hufuta udahili wakigundua. Thibitisha siku kadhaa kabla ya mwisho, kwa sababu mifumo huelemewa siku ya mwisho na benki huchelewesha malipo. Hifadhi risiti na nakala ya masharti ya ufadhili kama yalivyo siku hiyo, kisha waandikie vyuo viwili vilivyobaki kwamba huji, kuna mtu yuko kwenye orodha ya kusubiri nafasi yako.