Anaimba herufi zote, lakini hazitambui

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Binti yangu ana miaka minne. Wimbo wa a-be-che anauimba hadi mwisho bila kukosea, lakini nikimwonyesha m peke yake ananyamaza. Nikitoa daftari, analia. B na d ndiyo kabisa, hazitofautishi. Nifanyeje?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Binti yako hajachelewa. Wimbo unashikwa na sikio, tena kwa mpangilio wake. Herufi inatambuliwa kwa jicho, popote ilipo. Daftari naomba ulifunge kwanza.

Anza na jina lake, maana hakuna neno analolipenda kuliko hilo. Libandike mlangoni, kwenye begi, kwenye kikombe chake. Kisha andika kila herufi ya jina kwenye kadi yake, uzifiche: moja chini ya mto, nyingine ndani ya kiatu. Akiipata, itamkeni pamoja. Mtajie sauti, si jina la herufi. Mwambie "mmm", usimwambie "em". "Em" na "a" mtoto hawezi kuziunga zikawa "ma", ila "mmm" na "a" zinaungana zenyewe. Hapa Kiswahili kinatubeba sana: irabu ni tano tu, na kila moja inasomeka vilevile katika kila neno. Akizijua hizo pamoja na m, tayari ana ma, me, mi, mo, mu, na neno "mama" atalisoma mwenyewe.

Mikono na miguu nayo ijifunze. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazifuatishe kwa vidole. Mchanga kwenye sinia nao unafaa. Au chora herufi sakafuni kwa chaki, utaje sauti, yeye airukie. Mimi napenda zaidi mtoto ataje, mwalimu aruke. Nikirukia isiyo yenyewe makusudi, ananisahihisha kwa kelele, na hapo najua ameshaishika.

B na d usizifundishe pamoja. Kaa na b mpaka izoeleke, d ije baadaye sana. Kuzichanganya ni kawaida kwa umri wake: kikombe ukikigeuza kinabaki kikombe, lakini b ukiigeuza inakuwa herufi nyingine, na hilo ni jambo geni kwake.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Acheni angali anataka kuendelea, na siku akigoma, usimlazimishe.