Adrenalini ya puani na mapigo yanayoruka

Swali: Ni muuguzi wa usingizi, hospitali ya wilaya mkoani Dodoma. Tulikuwa tunatoa vinyama vya puani, mgonjwa wa kilo 60, usingizi wa halotheni (dawa ya usingizi ya kuvuta). Daktari alipochoma lignokeini (dawa ya ganzi) yenye adrenalini ya kubana mishipa ya damu, haikupita dakika mapigo yakaanza kuruka kwenye monita. Dozi ilizidi, au ni halotheni?

Jibu: Mimi ningeanza kuishuku halotheni. Huufanya moyo ushtukie adrenalini ambayo kwa isoflureni, dawa nyingine ya kuvuta, ingepita salama. Mtu mzima aliye kwenye halotheni asipewe zaidi ya mililita 10 za adrenalini ya 1:100,000 (maikrogramu 10 kwa mililita) ndani ya dakika 10, wala zaidi ya 30 kwa saa. Hiyo ni kwa anayepumua vizuri. Kabonidayoksaidi ikimpanda, au usingizi ukiwa mwepesi, hata kiasi kidogo kinatosha kuurusha moyo.

Puani, adrenalini ya 1:200,000 (nusu ya nguvu hiyo) inafanya kazi. Vuta mililita 0.1 ya adrenalini 1:1,000 (miligramu 1 kwa mililita) kwa sirinji ya mililita 1, tia kwenye mililita 20 za lignokeini ya asilimia 1. Sirinji ya mililita 5 haipimi 0.1; hapo ndipo dozi huzidi mara mbili, tatu, bila mtu kujua. Lignokeini yenyewe hapo ni miligramu 200, na kikomo chake ikiwa na adrenalini ni miligramu 7 kwa kilo, yaani 420 kwa mgonjwa wenu. Daktari avute sirinji nyuma aone kama hayumo kwenye mshipa kabla ya kusukuma, achome taratibu, kisha asubiri dakika 7 hadi 10. Wengi hukata mapema, wakiona damu wanaomba nyongeza.

Kosa linaloua ni jingine: adrenalini 1:1,000 ya kuloweshea pamba za puani kuwekwa kwenye bakuli isiyo na lebo, kando ya dawa ya kuchoma. Zote ni kama maji. Mililita 2 zake zikichomwa ni miligramu 2 nzima. Pamba zilowekwe na kukamuliwa, bakuli itoke mezani, ndipo sindano ivutwe.

Mapigo yakiruka: acheni kuchoma, toeni pamba, fungeni halotheni na mshikilieni kwa isoflureni au propofoli (ya mshipani), oksijeni asilimia 100, mpumulisheni kwa mkono. Mara nyingi hutulia ndani ya dakika chache, maana adrenalini haikai. Yasipotulia, mpeni amiodaroni (dawa ya kutuliza mapigo); lignokeini ya mshipani msiiguse kabla ya kujumlisha ile ya puani. Presha ikiruka juu, msikimbilie propranololi wala labetaloli, dawa za kushusha mapigo na presha: moyo hushindwa kusukuma dhidi ya mishipa iliyobana, mapafu yakajaa maji.

Na anayemeza propranololi nyumbani humjui kwa mapigo kuruka: akichomwa adrenalini, presha yake hupanda huku mapigo yakishuka. Muulizeni kabla hajalala.