Jibu kwa aliyeuliza: mdogo wangu achukue uhandisi upi wenye ajira?

Mkuu, umesema mdogo wako amefaulu vizuri hesabu na fizikia, na wewe unamsukuma kwenye mafuta na gesi, ikishindikana sayansi ya data. Nakujibu kama mtu aliyeichukua hiyo ya kwanza, ikamtema.

Niliingia mafuta wakati wahitimu wanagombaniwa. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 100. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30, na mimi nilikuwa nyumbani tayari. Siku yenyewe tuliitwa watu kumi na wanne chumba cha mikutano, tukakuta bahasha zimepangwa mezani kwa alfabeti. Wa kwanza kufungua yake alikuwa mzee aliyenifundisha kazi. Hakuna aliyekuwa amekosea chochote. Saa sita mchana vitambulisho vyetu vilikuwa havifungui tena geti.

Na vyuoni madarasa yalikuwa bado yamejaa vijana waliojiunga bei ikiwa juu! Hapo ndipo swali lako lina kasoro. Unatazama ajira za leo, wakati dogo ataingia sokoni miaka minne au mitano ijayo. Mwaka 1976 mwanauchumi Richard Freeman alilieleza hili kwa wahandisi wa Marekani: mishahara ikipanda vijana wanamiminika, wanahitimu kwa mpigo, soko linafurika, mishahara inalala. Wanaofuata wanaikimbia kozi, na baada ya muda uhaba unarudi. Hata mpango wa Apollo, uliofikia kuajiri karibu watu 400,000, ulianza kupunguza watu kabla binadamu hajatua mwezini 1969.

Jamaa zangu wa kompyuta walikuwa wakinicheka. Novemba 2022 Meta, mama wa Facebook, ikaondoa zaidi ya watu 11,000, Januari iliyofuata Alphabet, mama wa Google, ikatangaza 12,000. Sisemi data imekufa. Ila mwenye cheti kipya sasa anagombea nafasi moja na mtu mwenye uzoefu wa miaka sita.

Mimi niliokolewa na pampu. Baada ya miezi tisa ya kusota niliitwa usaili kwenye mtambo wa kusafisha maji. Msimamizi hakugusa hata wasifu wangu, akanipeleka kwenye pampu moja akaniuliza, "Unasikia nini?" Ilikuwa inalia kama inasaga kokoto. Nikamwambia hizo si kokoto, ni vipovu vya mvuke vinapasuka ndani, maji hayaji ya kutosha upande wa kuvuta, aanze na chujio. Wakalifungua, limeziba. Mshahara ulikuwa nusu ya ule wa zamani, nikaupokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mimi ningempeleka mekanika, umeme au kemikali. Kama roho yake iko kwenye mafuta, atayafuata baadaye kwa shahada ya pili, bei ikiruhusu. Fizikia tupu nayo nzuri, ila ajue nafasi za kudumu za utafiti ni chache kuliko wenye PhD. Wengi huzunguka na mikataba mifupi mifupi mpaka wanahamia viwandani.

Kabla hajajaza fomu, atafute watu waliohitimu kozi hiyo miaka miwili iliyopita, si wazee kama mimi, awaulize walikaa miezi mingapi bila kazi.