Fondanti na joto la Dar: kwa wewe unayeanza kupamba keki za watoto

Kabla ya kuwaza maua na wanasesere, ifikirie hewa. Fondanti, yaani donge laini linalosukumwa kama chapati na kuvalishwa keki, karibu yote ni sukari, na sukari huvuta unyevu. Hapa Dar unyevu upo mwaka mzima, na kuanzia Desemba hadi Machi joto huzidi. Donge lililotulia vizuri mwezi wa Julai litakunatia vidoleni mwezi wa Februari. Video nyingi tunazojifunzia zimepigwa kwenye majiko ya nchi za baridi, hivyo usishangae ukifuata kila hatua na fondanti ikakuchuruzika.

Fondanti ikinata, ikande na sukari laini ya aisingi kidogo kidogo. Ikianza kupasuka, pakaa viganja mafuta ya mgando ya kupikia, kisha kanda tena. Maji usiguse hapo.

Sehemu ambayo wanaoanza huiharakisha ni ile isiyoonekana: keki yenyewe na krimu ya chini. Fondanti haifichi bonde wala kilima, inavionesha. Keki iwe imeshiba, siyo sponji nyepesi, maana fondanti ina uzito. Kata kichwa chake mpaka kilale sawa. Krimu ya siagi hulegea haraka kwenye joto letu, na ikilegea, fondanti inateremka na kufanya tumbo chini ya keki. Mimi nasimamia ganashi, yaani chokoleti iliyochanganywa na krimu ya maziwa. Wengi hupima sehemu 2 za chokoleti nyeusi kwa sehemu 1 ya krimu. Kwa Dar weka 3 kwa 1. Kama chokoleti ni nyeupe, fika hata 4 kwa 1. Iache usiku kucha ishike, ndipo uivalishe.

Kipimo cha kusukuma ni hesabu rahisi: upana wa keki, ongeza kimo mara mbili. Keki ya sentimita 20 yenye kimo cha 10 inataka duara la 40. Sukuma mpaka 45 upate pa kushika. Unene wa milimita 3 hadi 4 unatosha. Ikiwa nyembamba zaidi itachanika kwenye kingo. Nene zaidi watoto wataibandua na kuiacha kwenye sahani.

Sasa friji. Keki iliyotoka kwenye baridi ikakutana na hewa ya Dar hutoa jasho. Usiifute, utaacha alama za vidole. Iweke mbele ya feni au kwenye chumba chenye kiyoyozi, itakauka yenyewe. Wanasesere na maua vitengeneze siku kadhaa kabla, ukichanganya unga wa CMC (unga wa kukazia fondanti) ili vikakamae, na uvihifadhi kwenye boksi la karatasi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko hufungia unyevu ndani.

Muulize mteja kuhusu jelatini, kiungo cha kugandisha kinachotokana na wanyama, hasa ukitumia fondanti ya mashimelo (peremende laini zenye jelatini). Kuna ya nguruwe na kuna ya ng'ombe, hivyo soma pakiti. Watoto wa mji huu wanaalikana bila kuangalia dini, kwa hiyo uliza hata kama mwenye sherehe si Mwislamu.

Kuhusu umaridadi, msimamo wangu ni huu: rangi mbili au tatu, mhusika mmoja aliyefanyiwa kazi kwa makini, na jina la mtoto lisomeke kutoka mbali. Mama atakutumia picha kumi na kutaka vyote. Msikilize, kisha mshauri kwa heshima achague kimoja. Mtoto wa miaka minne anamtafuta simba wake; akimwona, basi. Rangi nyekundu na nyeusi nunua zilizokwisha tiwa rangi, kwani kuitia fondanti nyeupe rangi nyingi huilegeza.

Keki ya ghorofa isimamishe kwa vijiti vinene vilivyokatwa sawasawa, tena weka bodi chini ya kila ghorofa. Usitumie vijiti vya kuchokolea meno kwenye keki ya mtoto, hata kushikia ua dogo. Ukivuka na kivuko kwenda Kigamboni au ukipita barabara ya mashimo, ziunganishe ghorofa ukishafika. Beba brashi, maji kidogo na fondanti ya akiba. Keki zetu husubiri sana mezani huku MC akiwaita wageni, kwa hiyo omba meza iwe mbali na jua. Kabla ya kuondoka, mwoneshe atakayeshika kisu vijiti viko wapi na ni vingapi, avitoe vyote kabla mtoto hajalishwa.